Jana ya Mtumba

Jumanne jioni, juu ya duka la magodoro, Barabara ya Jogoo,
Mwalimu Obura aliandika ubaoni kitenzi cha herufi mbili:
go.

Tukakisoma kwa pamoja, watu kumi na mmoja,
mabawabu, wauza mahamri, fundi wa friji,
nami Kasyoka, vumbi la Gikomba lingali nyusini.

Leo naenda. Kesho nitaenda. Na jana?
Mutinda, bawabu wa benki, akadakia: goed!
kwa furaha ya mtu aliyeokota noti.
Kosa lake nini? Vitenzi vingi vya Kiingereza
huvaa mkia huohuo vikirudi nyuma.
Mwalimu akatikisa kichwa, akaandika:
went.

Nikainua mkono.
Mwalimu, huyu mtoto hafanani na mzazi wake.
Hiyo w imeingilia dirisha gani?

Akaweka chaki chini. Akasema:
palikuwa na kitenzi kingine, wend,
maana yake kushika njia na kufuata kona zake.
Went ilikuwa jana ya huyo.
Go alikuwa na jana nyingine, ya kale, ikachakaa, ikasahauliwa,
basi akachukua ya jirani, akaivaa,
na jirani akabaki karibu uchi, siku hizi haonekani sana.

Nilicheka mpaka fundi wa friji akageuka.
Mwalimu, hiyo si sarufi. Hiyo ni mtumba!

Maana mimi hufungua belo saa kumi na moja alfajiri.
Natenga kamera, natenga ya kati, fagia naimwaga chini.
Kuna koti lililokuja na jina limeshonwa ukosini,
uzi mwekundu, jina la mtu wa baridi.
Mama wa Buruburu alilinunua mia nne,
na Jumapili kanisani lilikuwa lake tangu kuzaliwa.

Nikarudi Shauri Moyo kwa miguu, nikihesabu cha kwetu.
Nilienda. Nikaenda. Ningeenda.
Shina halitikisiki. Nikajivuna kidogo,
mpaka darajani nikakumbuka nenda!
Hiyo n ya mbele nayo tuliitoa wapi?
Na mbona mama alisema alikwenda, mimi nasema alienda,
na sote tulimaanisha mlango uleule?

Halafu watoto wake: mwendo, mwenendo,
kuendesha, kuendelea,
na huenda, ambayo ilianza ikiwa na miguu,
siku hizi imeketi tu, haijui.

Mulatya alienda Juba na lori la saruji.
Aliniambia, naenda mara moja, Ijumaa niko hapa.
Chai yake ilikuwa na sukari nyingi, akaiacha nusu.
Mwaka wa tisa huu.
Ndugu zake wanataka nitamke mwendazake,
ndipo shamba la Mwala ligawanywe.
Kila wakija nawapikia, nawapa maji ya kunawa,
nawajibu: huenda.

Kampuni ya lori ina fomu, ya Kiingereza,
kurasa tatu, mstari mmoja mtupu katikati.
Ndiyo iliyonileta darasani, si kingine.
Usiku ule niliuandika kwa penseli:
My husband went to Juba.
Nikautazama. Neno la mkopo,
jana ya mtu mwingine, mikono mirefu kupita yangu,
lakini lilimtosha.

Mwalimu alisema liko umbo la tatu.
Ndilo humtaja aliyekwenda
akawa bado huko alikokwenda.
Tutalisoma Alhamisi.

Mutinda analijua tayari, alitaka kuninong'onezea ngazini.
Nikamwambia aniache.
Alhamisi nina belo la kufungua.